Njia Niliyoipaka Nyekundu

Mkitaka kucheka chekeni tu, mi nimeshazoea, hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, hata mama muuza nyanya akiniona napita anamuuliza mwenzake "njo ule wa ramani?", yaani ndiye yule, na mi naitika, nifanye aje, uso wenyewe ndio huu mmoja.

Yote yalianza na profesa mmoja wa jiografia, mzungu mpole wa kofia kubwa, aliyekuja kambini na ramani pana kama meza. Alisema anachunguza jinsi watu wanavyozipa maana sehemu wanazoishi, yaani mahali gani panakupa furaha na mahali gani panakutia huzuni, na anatafuta mtu wa kumtembeza anayejua Kiswahili na Kiingereza. Mi (fundi cherehani wa Bukavu, Kiingereza cha redioni, mdomo mkubwa) nikainua mkono kabla hajamaliza kusema.

Alikuwa na kalamu mbili, ya kijani kwa fasi ya furaha, nyekundu kwa fasi ya huzuni. Tukazunguka. Kwa kinyozi, kijani. Kwa mama wa mikate, kijani. Kanisani kijani, uwanja wa mpira kijani tena, mpaka ramani ikawa kama shamba la mahindi mwezi wa pili, na kila kijani kikiongezeka uso wa profesa unashuka. Mwisho akaniuliza taratibu, kama daktari anayeuliza habari za tumbo, "Lakini hii ni kambi ya wakimbizi. Huzuni iko wapi?"

Mtu mwenye akili angemwambia ukweli, kwamba huzuni ipo, tena ya kutosha, ila haina nyumba yake, unaweza kukaa nayo kwenye kiti cha kinyozi huku unanyolewa na kucheka. Mi sikusema hivyo. Mi niliona haya, kama nimekaribisha mgeni halafu sufuria ikawa tupu. Mnatujua sisi watu wa Bukavu, mgeni haondoki kwetu hivihivi, akitaka chai atapata chai, akitaka huzuni atapata huzuni! Nikampeleka nyuma ya nyumba ya Mama Solange.

Mama Solange ni mama yake Solange, na Solange ni mchumba wangu. (Ndiyo, hapo sasa mmeanza kuelewa.) Wazee wangu walikuwa karibu kwenda kuposa rasmi, na Mama Solange alisema hawezi kupokea bakwe, yaani wakwe, katika nyumba ya kubanana, kwa hiyo alikuwa anaongeza chumba, na ukuta wa nyuma ameubomoa kwa mikono yake mwenyewe. Tukamkuta katikati ya matofali yaliyovunjika, matope mpaka kwenye nyusi, kitenge cha kazi kimechanika, anatabasamu. Mi nikamnong'oneza profesa, "Mvua iliangusha nyumba. Ni mjane. Hana mtu."

Profesa akashika kifua, akanong'ona pole zake kwa Kiingereza. Akapiga picha, kisha akatoa kalamu nyekundu (ilikuwa bado haijafunguliwa, maskini) akaipaka njia nzima, nyumba zote, mpaka kwa muuza mandazi wa kona ambaye sijawahi kumwona amenuna.

"Anasema nini?" Mama Solange akaniuliza.

"Anasema nyumba itapendeza, Mama."

Na Baba Solange, mzima wa afya, alikuwa ameenda Lilongwe kununua misumari ya chumba hichohicho.

Nikadhani yameisha, profesa atapanda ndege na nyekundu yake. Kumbe anaandaa maonyesho Lilongwe, katika ukumbi wa baridi wenye viti vya kitambaa, na ameialika kwaya ya kanisa letu iende kuimba. Mama Solange anaimba sauti ya kwanza, Baba Solange anaimba besi, Solange yuko sauti ya pili. Na mkalimani je? Mi, nani mwingine.

Tunaingia, ramani imejaza ukuta, na kando yake picha ya Mama Solange kubwa kuliko mlango. Kwaya ikashangilia. Profesa akashika kipaza sauti, mi pembeni na changu. Akasema kwa Kiingereza, "Mwanamke huyu alipoteza kila kitu." Nikatafsiri, "Mama huyu ni mfano kwetu sote." Akasema, "Mume wake alifariki." Nikatafsiri, "Mume wake anamsaidia sana." Akasema, "Anaishi peke yake kwenye mtaa wa majonzi, nyumba imemwangukia." Nikatafsiri, "Anajenga nyumba ambayo mtaa mzima unaionea wivu."

Basi ukumbi ukagawanyika. Viti vya mbele, mabwana na mabibi wa mjini wanafuta machozi; upande wa kwaya, vigelegele! Profesa akanitazama, nikajifanya nakohoa. Hata hapo ningeponyoka, nawaapia, ila Baba Solange kwa utamu wa kusifiwa akatoka kwenye mstari, akaja mbele na suti yake, akasimama chini ya picha na kuinua mikono yote miwili.

"Njo mi bwana yake! Mi mwenyewe!"

"Huyu ni nani?" profesa akaniuliza.

Nikafikiria kusema ni kaka wa marehemu. (Mungu anisamehe, nilifikiria kweli.) Lakini Solange, anayejua Kiingereza kuliko mi na aliyekuwa amesikia pande zote mbili tangu mwanzo, akasimama, akasema kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu apate sehemu yake: "Huyu ni baba yangu, hajakufa. Na nyumba haikuanguka, mama njo aliibomoa. Uyu mukalimani anajua vizuri, sababu iko inatengenezwa juu ya kupokea wazee wake."

Baba Solange akashusha mikono, akajipapasa kifua. Mama Solange akaja mpaka kwenye ramani, akatafuta njia yake kwa kidole.

"Hii rangi nyekundu ni ya nini?"

"Ni ya fasi ya huzuni, Mama."

"Nani aliweka?"

"Ni mi, Mama."

"Kwangu? Fasi unakulaka wali na samaki kila siku ya Mungu, unashiba, unaomba na ya kubeba?"

Kwaya ikaguna kwa sauti zote nne. Na profesa, badala ya kuona aibu, akasema hii inavutia sana, mgongano wa maana, akatoa kamera na kuomba Mama Solange abaki hapohapo kwenye ramani, tena asiache kukasirika.

Wazee wangu waliahirisha safari ya posa. Mama Solange alinisamehe wa kwanza, akanipa jembe la matope na ule ukuta wote, nikajenga huku mtaa mzima unapita kunishauri. Baba Solange yeye ananisalimia "marehemu anakusalimu" na kucheka mpaka anakaa chini. Nikaona basi, mambo yamekaa sawa, nikamfuata Solange kumuuliza wazee wangu waje lini.

Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Mama amekusamehe, na baba anacheka," akasema. "Mi niko na swali moja tu. Siku ingine mugeni akuje, akuulize mi bibi yako niko mutu wa namna gani, na we uone uso yake inashuka. Utamuambia nini?"

Nilitaka kusema nitamwambia ukweli. Nikakumbuka nilivyoona haya kwa uso wa profesa, mtu nisiyemjua, nikashindwa kuapa. Akainuka, akaenda mazoezi ya kwaya.

Siku hizi wageni wakija na ramani zao nawaambia wabishe hodi kwa wenyewe, mi sisemei tena nyumba ya mtu. Naongea sana bado, mnanisikia. Lakini lile swali ninalo mpaka leo, wazee wangu bado hawajaenda kuposa, na Solange hajaniuliza mara ya pili.