Kleroni Kwenye Kaburi la Tata Kabwe

Kila ninaposugua sufuria kwa majivu na ndimu, harufu ile hunirudisha Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mlangoni kwa mzee jirani yetu, Tata Kleroni. Kleroni ni tarumbeta dogo la kijeshi. Alilipuliza ujanani, Wabelgiji walipompeleka vitani Abisinia, na kila Jumamosi alilisugua mpaka tukaona pua zetu zimevimba ndani yake.

Nilikuwa msichana wa maswali, na mama alishachoka nami. Tata Kleroni hakuchoka. Alitupulizia mlio wa kuamka, wa kula, wa kulala, nasi tukajitupa mavumbini tukikoroma kwa uongo. Mmoja tu aliukataa, ule wa kumzika askari. Nikimwomba, alifuta mdomo na kuniuliza kama bukari, ugali wetu, imeshaiva nyumbani. Ningetoa chochote niusikie.

Kisha akafariki Tata Kabwe, aliyekwenda vitani pamoja na Tata Kleroni. Mjane wake alitaka jambo moja tu, mumewe azikwe kiaskari. Hakuja mkubwa yeyote, wala bendera. Ilibaki kleroni. Mama Kabwe alikwenda mwenyewe kumwomba jirani yetu, naye akakubali kwa kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Makaburini, jeneza liliposhushwa, mzee alisimama wima akajaza mashavu. Ukatoka mlio wa kula! Kambi nzima iliujua. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Ndugu za marehemu walinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa, kawaaibisha mbele za watu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikawa na hamu ya kujua kimempata nini.

Mama Kabwe alimgeukia. "Tata, nilikuomba kitu moja tu."

Mzee alishusha kleroni. "Mama, kule Abisinia njaa ilituua. Ile ya kuzika, mi nilikuwa napiga kila siku. Ya kukula hapana, chakula haikukuwa. Bwana yako alikuwa analala chini, ananiuliza, utaipiga siku gani? Nilimuambia, wewe nitakupigia."

Mama Kabwe alivuta kitenge chake mabegani, akatazama shimoni.

"Piga tena," akasema.

Akapiga tena, na safari hii pumzi ilimkatikia katikati, akaanza upya. Mama Kabwe alikuwa akilia na kutikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na jambo.

Nilirudi nyumbani nimenuna, maana sikuusikia mlio niliouendea. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa. Sote tulikwenda pale kumpa askari heshima tuliyojichagulia wenyewe, na mtu mmoja tu ndiye aliyempelekea kile alichokuwa akikingoja.