Nimerithi Gari la Mjomba, Naambiwa Nisiguse Hata Rimu

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache kama ilivyo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Ninaishi na mama yangu Chang'ombe. Chuoni wananijua kwa jukwaa: nimepambana na wasimamizi wa hosteli juu ya maji, nimepambana na wahadhiri juu ya matokeo yaliyocheleweshwa, na sijawahi kuomba radhi kwa kudai kilicho changu. Leo ninayepambana naye ni binamu yangu, na kinachogombewa ni magurudumu ya gari.

Asili yetu ni Kusini. Katika ukoo wetu mtu akifariki, mrithi si mtoto wake bali mtoto wa dada yake, na mrithi huyo hapokei mali peke yake. Anapokea na nafasi ya marehemu. Mjomba wangu alipofariki mwaka jana, wazee walikaa baada ya arobaini wakanitaja mimi, kwa kuwa dada yake ni mmoja, naye mtoto wake ni mmoja. Nikakabidhiwa gari lake la bluu, lile la mbio lenye injini ya turbo, ambalo mtaa ulilitambua kwa mngurumo kabla halijakata kona. Tangu siku hiyo binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwanaume mzima mwenye ndevu, ananiita baba. "Shikamoo baba," husema mbele za watu. Naitikia marahaba, watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Hajawahi kuninung'unikia urithi ule hata kwa jicho. Nalisema hili kwa haki yake.

Mwezi huu niliamua kubadili rimu. Zilizopo ni za inchi kumi na saba. Nataka kumi na tisa. Nikalipeleka gari kwa fundi aliyelihudumia tangu enzi za mjomba. Akalizunguka, akaguna.

"Sista, kumi na tisa zitaingia, ila haya madigadi ya nyuma lazima niyakate kwa ndani, la sivyo tairi zitasugua. Na nikishakata nimekata. Mie sina dawa ya kurudisha bati."

"Na barabara zetu?"

"Tairi zake nyembamba kama chapati ya mgahawani. Shimo moja tu huko Kinyerezi, unanipigia simu unalia."

"Sijawahi kumlilia fundi."

"Utaanza."

Nilikuwa nimeshayapima hayo. Rimu kubwa inaruhusu breki kubwa, na gari linatulia kwenye kona. Lakini linakuwa zito kuondoka, na kila tuta linasikika hadi kwenye uti wa mgongo wa dereva. Ningeweza kujificha nyuma ya breki. Sitaki. Nazitaka rimu zile kwa sababu nazipenda, kwa sababu gari likisimama juu yake linasimama kama mtu aliyekataa kuketi alipoambiwa aketi.

Habari zikamfikia binamu. Jumapili akaja nyumbani, akaketi bila salamu, mama akiwa anachagua mchele.

"Nasikia unataka kulikata gari la mzee."

"La nani?" nikamuuliza.

"Usiniletee siasa zako za chuo. Mzee aliniahidi nitakwenda kuoa ndani ya gari lile. Harusi ni mwezi ujao, unajua. Nataka nishuke kwenye gari aliloliacha yeye."

"Nitasubiri harusi ipite."

"Na ikipita pia usiliguse."

"Kuna za kumi na nane, hazihitaji kukata."

"Sijaja kujadili inchi. Nimezika baba, kilichobaki chenye mkono wake ni hicho. Ukilikata, sikuiti baba tena, na kiti cha baba wa bwana harusi tutakiacha wazi."

Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, rimu ni chuma tu. Mwachie."

"Kama mrithi angekuwa wa kiume, mngemwambia amwachie?"

Mama akarudi kwenye mchele wake. Binamu ndiye aliyejibu: "Ningemwambia haya haya. Na yeye ningempiga."

Akaondoka.

Jibu langu nalitoa hapa. Mjomba alilinunua gari lile likiwa jeupe. Yeye ndiye aliyelipaka bluu. Alibadili ekzosi, akabadili viti, akabadili usukani, na angeishi angebadili na hizo rimu. Gari wanaloniamuru nilihifadhi halikuwahi kukaa salama mbele ya mwenyewe. Ikiwa nimepewa nafasi yake, nimepewa na mkono wake. Haki ninayoruhusiwa kuitazama bila kuitumia si haki, ni pambo, na mimi sikuzaliwa kuwa mlinzi wa pambo la mtu.

Hapo ndipo hoja yangu inaponigeukia, na ndipo nilipokwama. Wazee hawakunikabidhi gari tu. Walinikabidhi na mtu. Mwanaume yule amenitolea shikamoo mwaka mzima, na Jumapili ile alikuja kwangu kama mtoto anayekwenda kwa mzazi, akaniomba kitu kimoja.

Kusubiri harusi ipite amekukataa, na fundi amenipa nafasi Jumamosi hii. Msiniambie kwamba magari si mambo ya wanawake. Hilo halistahili jibu langu. Msiniambie rimu ni chuma, mama ameshasema. Nishaurini katika hili moja: aliyepewa nafasi ya baba, akate kwa kuwa mali ni yake, au asikate kwa kuwa ana mtoto?