Kuume kwa Televisheni

Miaka humpitia mtu kama kivuli cha wingu kipitavyo uani: hakisikiki kikiingia, wala hakisikiki kikitoka. Ndivyo ilivyompitia Badi wa Shella, mjini Malindi. Ujana wake ulikwisha akitengeneza redio za betri. Na miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, wenye jamaa Arabuni wakaanza kuletewa televisheni na mashine za video, naye akajikuta ni fundi wa kutia spika majumbani. Alikuwa mtu wa adabu nyingi. Kabla ya kufungua mfuko wa vyombo vyake hupiga kofi jepesi katikati ya chumba, akafumba macho, akangoja kuta zimwitike.

Alasiri moja aliitwa na Bi Shekha, mjane aliyekuwa na binti mmoja tu, Tumu, aliyeolewa Maskati. Maradhi yalimzuia mama kusafiri, akaletewa kanda ya harusi. Aliyeileta alimwambia kwamba mwishoni, ngoma zikilia bado, Tumu amemsemesha mamake. Lakini spika ya televisheni ilikuwa ndogo, na Bi Shekha alikuwa akisikia kwa sikio moja. Maneno yote yalizama ndani ya ngoma. Jirani zake walijitolea kumkariria. Alikataa. Alihisi mwanawe anamwomba radhi, na radhi haiombwi kwa mkalimani.

"Shikamoo, Bi Shekha," alisema Badi.

"Marahaba, baba. Sikio langu la kushoto limekwisha. Nitilie maneno kuumeni."

Bahati ni kuwa mpiga picha wa Maskati alikuwa ametenga sauti, ngoma upande mmoja na maneno upande wa pili. Badi akaweka spika mbili ndani ya vidaka vya kuta za ubavuni, kimoja huku na kimoja kule, na kiti cha Bi Shekha katikati. Waya akazipitisha chini ya mkeka. Kwa kuwa kanda ilikuwa ya wanawake waliojifunua, alifunika kioo kwa leso, akaijaribu kwa masikio tu. Harusi ikamjia bila sura: vikuku, vigelegele, kicheko kilichopanda na kushuka kama maji kisimani. Aliporidhika akairudisha kanda mwanzo, akatoka ukumbini, na pazia likashushwa nyuma yake.

Majirani wakaingia kwa mlango wa uani, leso ikaondolewa. Kanda ikaenda mpaka mwisho wake. Badi alisikia ngoma na maneno, kisha akamsikia Bi Shekha akiuliza kama Tumu amekwisha kusema.

"Fundi," aliita Nana, jirani wa ukuta mmoja, "ngoma umeileta, bibi harusi umemwacha bandarini?"

Wanawake wakacheka. Bi Shekha hakucheka. "Usimlaumu," alisema polepole. "Ni sikio langu. La pili nalo limekwenda."

Sauti ile ilimwingia Badi kifuani. Akazifuata waya zake kwa fikira, moja moja, kama mtu atembeaye ndotoni ndani ya nyumba anayoijua. Kila waya ilikuwa mahali pake. Basi nini? Ndipo alipokumbuka jinsi alivyokuwa amesimama, mgongo kwa televisheni na uso kwa kiti. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mgeni huandaliwa kuume kwake, si kuume kwa mwenyeji. Naye, bila kujua, aliifanya televisheni kuwa mgeni wa heshima, akayaweka maneno kuume kwake yeye.

"Mama," aliita, "umekaa ukielekea wapi?"

"Naielekea televisheni. Nielekee wapi, ukutani?"

"Naam, mama. Igeuzie mgongo."

"Niipe mgongo harusi ya mwanangu?"

"Nimekosea mimi. Kuume nilikotia ni kwa televisheni, si kwako."

"Haya," alisema Nana, "tangu lini sanduku likawa na mkono wa kulia?"

Lakini kiti kiligeuzwa, na kanda ikarudishwa. Bi Shekha akakaa akitazama ukuta mtupu wa chokaa, mikono magotini. Na kutoka katika kidaka cha kuumeni kwake, karibu kama pumzi, Tumu akasema:

"Mama, shikamoo. Siku ya safari niliondoka na hasira, sikurudi kukubusu mkono. Nimeingia nyumba ya watu na jambo hili moyoni. Nipe radhi yako, mama."

"Marahaba," Bi Shekha aliujibu ukuta. "Nimekuwia radhi, mwanangu, ya dunia na ya akhera."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia Badi aliitikia amina. Baadaye, majirani walipokwisha kutoka, alibisha hodi ili azibadilishe waya.

"Kesho, baba," alisema Bi Shekha. "Leo niache nilivyo."

Ewe Mola, Msikivu wa kila sauti, mrehemu Badi na wazazi waliomtia adabu; wape wanawe na wajukuu wake riziki ya halali na masikio ya kuisikia haki, na usimwite yeyote katika kizazi chake kabla hajapata radhi ya mamaye.