Barwaqo wa Kwenye Simu

Mwaka wa tatu sasa Ebla alikuwa akiuza maziwa ya ngamia wa watu wengine sokoni Garissa, na katika muda huo aligombana na madereva, na askari wa kaunti, na mteja mmoja aliyelalamika kwamba maziwa yananuka moshi, kana kwamba maziwa ya ngamia yanapaswa kunuka kitu kingine. Hakuna katika hao aliyemchosha kama binti yake wa kumzaa, Bilan, na lile gemu lake.

Bilan alikuwa akitengeneza michezo ya simu huko Nairobi. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea kwa ngamia wanne waliouzwa mmoja baada ya mwingine. Mchezo wake mpya ulikuwa wa msichana na ngamia wanaotembea kutoka Liboi hadi mto Tana wakati wa ukame. Ngamia huyo Bilan alimwita Barwaqo, maana yake neema, jina la ngamia wa mwisho wa mama yake, aliyeanguka kando ya barabara ya Dadaab ukame ulipomaliza wenzake kumi. Wakati ule Bilan alikuwa chuoni, na Ebla alimpa habari kwa simu kwa maneno machache: "Alichinjwa, mwanangu. Watu wakala." Tangu siku hiyo hakupenda jambo hilo liguswe.

Sasa Bilan alikuja nyumbani Jumatatu na kusema kwamba kazi inapelekwa kwa wakubwa wake Ijumaa, ila haitoki mkononi mwake mpaka mama yake aicheze yote na kusema ni sawa.

"Mbona anakunywa maji kila siku?" Ebla aliuliza kabla hata hajakaa vizuri.

"Ili mchezaji amhudumie, hooyo. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza."

"Huyu ni ngamia au bata?"

Mambo yakazidi kuharibika. Ngamia aliitwa akaja mbio. Alitikisa mkia. Alilaza kichwa mapajani mwa msichana akafumba macho, na nyota ndogo zikamruka kichwani kuonyesha kwamba amefurahi. Ebla, aliyekwisha kupigwa mateke na ngamia watatu na kutemewa na wasiohesabika, aliinua macho akatazama mabati. Barwaqo wa kweli hakuwahi kumlalia mtu mapajani. Alikuwa na kiburi, tena mwizi wa mahindi, na mapenzi yake yote yalikuwa kusimama upande wa jua adhuhuri ili Ebla apate kivuli. Hata hilo Ebla hakuwa na hakika kama lilikuwa la makusudi.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alimwambia binti yake. Bilan akaandika hilo nalo kwenye daftari, na Ebla akazidi kukasirika.

Jumatano walifika mwisho, pale sokoni, baada ya sala ya alasiri. Raho, Mborana wa upande wa Wajir aliyeuza majani ya chai meza ya pili, alisogeza kibao chake kutazama. Yeye na Ebla walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, na kwa ngamia walielewana hata bila Kiswahili. Kwenye skrini Barwaqo alipiga magoti, akalala ubavu, shingo ikanyooka mchangani. Msichana akaketi kando yake. Muziki ukalia.

Ebla akabonyeza mfuko wa msichana. Akabonyeza tandiko. Akabonyeza mti.

"Angalia chini ya kibuyu," Raho akasema. "Lazima iko."

"Nimeangalia."

"Basi rudi nyuma, labda mlisahau kwa njia."

"Mnatafuta nini?" Bilan aliuliza.

"Kisu," walisema wote wawili.

Bilan alishika kichwa. "Hakuna kisu. Unampapasa kwa kidole mpaka anafumba macho. Nairobi kila aliyecheza alilia."

"Walilia nyama imeharibika," Raho akasema. "Hiyo sasa ni kibudu, hailiki."

"Hooyo, najua wewe ulimchinjisha Barwaqo. Lakini nikiweka kuchinja, watu wataona ni ukatili. Mimi nataka waone ulivyompenda."

Ebla angeweza kunyamaza. Miaka yote hiyo alinyamaza na mdomo haukumuuma. Lakini siku tatu za nyota na mikia zilikuwa zimemfika hapa, kooni, na neno likatoka.

"Hakuchinjwa."

Raho aliacha kupanga pakiti zake.

"Alio, dereva wa lori la maji, alisimamisha gari akashuka na kisu," Ebla alisema, na alisema kwa hasira, kama anayemgombeza mtu. "Akaniuliza, mama, nimchinje? Nikamwambia ngoja, atainuka. Akauliza tena. Ngoja. Kulikuwa na watu pale, wanawake na sufuria zao, hawajaonja nyama mwezi mzima, wala hakuna aliyenisukuma. Mimi nimekaa nampapasa shingo kama huyo mjinga wako wa kwenye simu. Akafa. Wakarudi na sufuria tupu." Alifunika dumu lake, ingawa lilikuwa limefunikwa. "Hayo ndiyo mapenzi yako. Andika."

Bilan hakuandika. Alichukua simu yake akaenda nyumbani, na Ebla akauza maziwa yaliyobaki bila kupunguzia mtu hata kidogo.

Alhamisi Bilan alirudi pale mezani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akampa mama yake simu. Ngamia alikuwa amelala mchangani palepale, lakini mkia hautikisiki tena na nyota hakuna. Lori lilikuwa limesimama. Wanawake watano walikuwa wamesimama na sufuria. Mwanamume mwenye kisu alimwinamia msichana, na chini yake yakatokea maandishi: Nimchinje? Halafu vitufe viwili. Ndiyo. Ngoja.

"Hii ni sawa?" Bilan aliuliza.

"Hii ni sawa," Ebla alisema. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuwa na la kukosoa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata kisu, na safari hii alijua la kufanya. Alijifuta kidole kwenye shali, akamtazama Barwaqo, ambaye alikuwa bado anapumua, mbavu zikipanda na kushuka polepole.

Akabonyeza Ngoja.

Mwanamume akauliza tena. Akabonyeza Ngoja.

"Abaayo, dada yangu," Raho alimwambia kwa upole, "ile nyingine."

"Naiona," Ebla alisema kwa ukali. "Mimi si kipofu." Na kidole chake kikarudi palepale.