Kengele ya Shangazi

Shangazi yangu alifagia ukumbi wa sinema kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kitini akatazama picha kuanzia mwanzo. Kazi yake ilikuwa ya mlangoni. Picha ikikaribia kwisha alisimama nyuma ya pazia zito, ufagio mkononi, akisubiri. Majina ya waigizaji yakianza kupanda, alifungua mlango na kubonyeza kengele iliyokuwa ukutani. Huko juu, mwendesha mtambo akiisikia, alizima sauti na kuwasha taa. Watu watoke, pafagiwe, maana wenye tiketi za onyesho linalofuata walikuwa wameshaanza kusukumana nje.

Kuna picha moja ilikaa pale wiki kumi na moja. Yenyewe, ninavyosikia, ilikuwa ya kusinzia tu: mwanamke anamsubiri mumewe mpaka watazamaji wanachoka kwa niaba yake. Lakini muziki wake! Ulimwingia Shangazi damuni. Mwishoni fidla zilianza chini chini, zikapanda, zikapanda tena, na ndiyo kwanza zinafika mahali, majina yanaanza, naye anabonyeza kengele. Kimya. Mara tatu kwa siku, wiki kumi na moja.

Muziki huo ndio uliotulea. Shangazi aliuimba kwa puani akiosha vyombo, akifua, akimsuka binti yangu nywele, na kila mara alikatia palepale. Nyumbani sote tulijua wimbo unaishia hapo. Wanangu nao waliuimba hivyohivyo, wanaachia hewani kama mtu aliyekatiwa maji katikati ya kuoga.

Mwaka jana daktari wa masikio alituambia kwamba sikio la kushoto la Shangazi limeshakwenda na la kulia linafuata, labda katika miezi michache. Shangazi alimsikiliza, akakaza kitambaa chake kichwani, tukatoka. Kwenye ngazi ndipo aliponishika mkono.

"Wewe fundi redio," akasema, "ule muziki unaishaje?"

"Upi tena, Shangazi?"

"Usinichezee. Ule. Mimi ndiye niliyekuwa nikiukata kila siku, kwa mkono wangu huu. Sasa nageuka kiziwi, na sijui ulikuwa unakwenda wapi."

Nikaanza kutafuta. Muziki wa picha ile haukuwahi kutolewa peke yake, na picha yenyewe ilishapotea zamani. Nilizunguka maduka yote ya santuri mpaka wenyewe wakawa wananitikisia kichwa kabla sijafika mlangoni. Mwezi wa nne mmoja wao alinipigia simu. Kampuni fulani ndogo ilikuwa imeutoa muziki wote kwenye santuri, mpaka ule wa majina, bila kupunguza kitu.

Tuliusikiliza Jumamosi mchana, sebuleni kwangu. Nilisogeza spika mbili nilizozifufua mwenyewe mpaka zikakaribia kumgusa sikio la kulia. Nyuma ya jalada palikuwa na orodha ya wapigaji wa okestra, themanini na wanne. Shangazi alipitisha kidole kwenye majina yale, moja moja.

"Watu wote hawa?" akasema. "Mimi nilidhani ni sita, saba hivi."

Fidla zikaanza chini chini. Zikapanda. Zikapanda tena. Zilipofika pale, mkono wa Shangazi ulinyanyuka wenyewe, ukanyooka kwenye ukuta wa sebule yangu, kidole kikitafuta kengele.

Hapakuwa na kengele. Muziki ukapita.

Sijui nieleze vipi. Mimi ni mtu wa spika miaka thelathini, nilijiona naijua sauti. Kumbe zile fidla zilikuwa zinafungua mlango tu! Zilinyamaza, filimbi moja ikauchukua wimbo peke yake, nyembamba, hata nikaogopa itakatika. Kisha tarumbeta zikaja chini yake zikaibeba, kisha ngoma, kisha wote themanini na wanne kwa pamoja. Vioo vya kabati vikatetemeka, nami nikajikuta nimesimama ndani ya nyumba yangu kama mgeni. Dakika nne nzima. Zilikuwemo kwenye ile picha siku zote, na hakuna aliyewahi kuzisikia. Shangazi alikuwa amebandika kiganja kwenye spika, machozi yanamtoka, na huku anacheka.

"Na mimi nilikuwa nawafukuza," akasema. "Watu themanini na wanne!"

Tulirudia mpaka jioni. Baada ya hapo alikuja kila mchana, akikaa karibu zaidi na zaidi, mpaka siku moja akaniuliza mbona siwashi, na santuri ilikuwa imeshafika katikati.

Juzi nilimkuta jikoni anaosha vyombo. Nilimwita, hakugeuka, siku hizi hasikii hata ukigonga sufuria. Alikuwa anaimba kwa puani, sauti ikiyumba kidogo maana yeye mwenyewe haisikii. Akafika pale. Nikasimama na sahani chafu mkononi.

Akapita. Akaichukua filimbi, nyembamba vilevile, akaenda nayo mpaka mwisho. Ndipo nilipomgusa bega nikampa sahani.