Karani wa Daftari za Mabaharia

Karani wa kumbukumbu bandarini Kigoma, niliyekuwa msaidizi wake, alifunua kurasa kwa ukingo wa kiganja, na kila jina alilitamka kwa sauti kabla ya kulipita. Mwaka 1996, wakimbizi wakishuka ufukweni Kibirizi kila siku, alikuja mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, Anifa.

"Baba alikuwa baharia wa majahazi ya tanga, Sudi Rukinga wa Ujiji. Alimwacha mama nikiwa tumboni, hakurudi."

"Kaa, mama. Kama alisafiri kutoka hapa, yumo."

Akateremsha daftari za miaka ya hamsini, akasoma safari moja moja: chumvi kwenda Uvira, mawese kurudi Ujiji. Kwenye safari ya kumi na nne akatamka jina la Sudi Rukinga, akavua miwani.

"Hakuwaacha, mama. Jahazi lilizama likielekea Uvira. Alikuwa anarudi kwenu."

Anifa akajifunika uso kwa khanga. Karani akangoja, kisha akasoma mstari wa mwisho: mtu wa kujulishwa baharia akipata ajali, dada yake Siwema, Ujiji. Asubuhi ile ile alifunga ofisi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, tukampeleka Anifa kwake. Siwema, bibi kizee sasa, alisikia habari kwa karani, akamtazama sana mgeni usoni, kisha akageukia ndani.

"Njooni nyote! Mtoto wa Sudi amefika."