Ile mashini ya Mama Masika

Najua kuna batu batacheka. Bacheke. Mimi si mulevi, si mutu wa maono, na hata kwenye misa huwa ninakaa nyuma, karibu na mulango. Ni mwanamuke anayetengeneza ordinateur, yaani kompyuta, hapa Butembo, karibu na soko, na kazi yangu yote ni kutafuta sababu. Mashini haiwaki? Kuna sababu. Inawaka halafu inazima? Kuna sababu. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua mpaka leo. Kilitokea kweli, kilitokea muchana, na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa wakati wa mvua. Mwanaume mumoja akaingia kwenye atelier yangu, kile chumba changu cha kazi, na ordinateur ndogo ya kubeba, ameifunga ndani ya kitenge kama mutoto. Alitoka Beni, commune ya Ruwenzori, anakouza mafuta ya mawese. Akasema batu banamuita Papa Masika, ju ya jina la binti yake wa kwanza.

"Fundi, nisaidie. Hii ilikuwa mashini ya bibi yangu, mama ya Masika. Nikifungua programme ya ma-mail, ile ya barua, haifunguke. Inaanza kujiweka upya."

"Kujiweka upya vipi?"

"Kama vile ni programme mupya. Inajiweka, inamaliza, inajifunga. Nikibonyeza tena, inaanza tena. Kila mara vile."

Nikamuuliza kwa nini bibi yake hakuja mwenyewe. Akatazama chini. Bibi yake, Kahindo, alishakufa. Aliuawa na batu benye silaha kwenye barabara ya Kasindi, asubuhi, akienda shambani. Simu yake ilipotea siku ile ile. Neno la siri la barua zake alilijua yeye peke yake, na lilibaki limehifadhiwa ndani ya mashini hiyo tu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Masika, mutoto wa miaka tisa, alikuwa na tundu kwenye moyo. Kabla ya kufa, mama yake alikuwa ameandikiana na badaktari ba Uganda, nao bakakubali kumupasua. Gari moja lingetoka Beni na bagonjwa bengine, lipite Kasindi, livuke mupaka. Lakini badaktari balitaka jibu kwenye ile barua yao, pamoja na picha za moyo wa mutoto, na vyote vilikuwa ndani ya programu isiyofunguka.

"Siku ya gari iko karibu," Papa Masika akasema, akaniachia mashini, akarudi Beni.

Nilifanya yote ninayojua. Kwanza nilinakili barua zote kwenye clé USB, zisipotee, ingawa hazikusomeka nje ya programu ile. Nikaitoa programu, nikafuta mabaki yake, nikaiweka mwenyewe tangu mwanzo. Nikabonyeza. Ule mustari wa kijani ukaanza kutembea tena: tafadhali subiri. Nikaacha ile alama ya kubonyeza kwenye kioo, nikaingia ndani kutafuta faili lenyewe, nikalifungua. Kitu kile kile. Nikatengeneza session mupya, kama ya mutumiaji mwingine, safi, isiyo na kitu. Hapo mashini ikauliza jina la mwenye kuitumia, na kabla sijagusa herufi moja, jina lilikuwa limeshaandikwa: Kahindo. Nikalifuta. Nikaandika Kakule, jina la Papa Masika mwenyewe. Likarudi: Kahindo.

Utaniambia hayo ni mabaki ya zamani. Na mimi nilisema vile. Lakini nilipozichukua zile barua na kuziweka kwenye ordinateur yangu mwenyewe, ambayo Kahindo hakuigusa hata siku moja, na yangu ikaanza kujiweka upya. Hiyo unaielezaje?

Siku iliyofuata, baada ya saa ya chakula, mvua kubwa ikashika muji. Motard mumoja akaacha pikipiki yake nje, akasimama kwenye mulango wangu kujikinga. Mimi nilikuwa nimeinamia ile mashini. Nilipoinua macho, mwanamuke alikuwa ameketi kwenye kiti cha bateja. Amevaa kitenge cha kijani na sweta ya kijivu, kubwa, ya kiume.

"Wasibire," akanisalimia kwa Kinande, na sauti ya mutu aliyechoka sana. Nikamujibu. Nilidhani amekimbia mvua.

Akaiangalia mashini. "Dada, iache."

"Niache nini?"

"Isifunguke. Ukiifungua, batamupakia mutoto kwenye gari. Barabara ile hapana. Mi naijua."

Nikasema moyoni: huyu ni ndugu wa Papa Masika, ametumwa na familia. "Mama, mutoto ako mugonjwa," nikamuambia. "Asipoenda, atakufa."

"Najua ako mugonjwa. Mi njo nilikuwa naweka sikio kwenye kifua chake, nasikilizaka kama moyo unatembea." Alikuwa anasugua mikono kama mutu mwenye baridi. "Lakini barabara ile hapana. Apite juu angani, apite fasi ingine yoyote. Barabara ile hapana."

Hapo motard akageuka, akanitazama vibaya.

"Fundi, uko nasemesha nani?"

Nikanyoosha mukono kumuonyesha. Kiti kilikuwa wazi. Na atelier yangu ina mulango mumoja tu, ule ambao motard alikuwa ameuziba na mwili wake.

 Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikamupigia simu Papa Masika. Nikamueleza kwamba mwanamuke wa kwao amekuja kukataza safari.

"Alivaa nini?" akauliza.

"Kitenge cha kijani. Na sweta ya kijivu ya mwanaume."

Akataka nirudie, nikarudia.

"Ile sweta ni yangu," akasema. "Alipenda kuivaa ju ya baridi ya asubuhi. Tulimuzika nayo."

 Nilimusikia analia. Kisha akasema tena, lakini si kwangu, ni kama anasema na mutu aliyesimama kando yake: "Sawa, Mama Masika. Sawa. Mutoto hatapanda ile gari. Nimekusikia."

Sijui kwa nini nilibonyeza wakati ule. Mukono ulienda wenyewe. Mustari wa kijani haukutokea. Programu ikafunguka kama programu yoyote, barua zikashuka moja nyuma ya ingine, na ya badaktari ikawa juu kabisa.

Tukabajibu siku ile ile, yeye kwenye simu, mimi kwenye mashini: picha za moyo hizi hapa, lakini mutoto hatakuja na gari, tunaomba siku ingine na njia ingine.

Unangoja nikuambie kwamba lile gari lilishambuliwa? Kila mutu ninayemusimulia anangoja vile. Hapana. Gari lilifika salama. Bagonjwa bote balivuka mupaka, bakatibiwa, bakarudi kwao. Masika alibaki Beni, nafasi yake ikapewa mwingine, na akaanza kudhoofika. Midomo ikageuka rangi. Akawa hawezi kutoka nyumbani mpaka barabarani bila kubebwa.

Papa Masika alikuja kuniona wakati huo. Hakukubali kuketi.

"Fundi, bibi yangu alinidanganya?"

"Papa Masika, mi sijue."

"Ao ni wewe uliota?"

"Motard alinisikia nikisema naye."

"Alikusikia wewe. Yeye hakumusikia."

Ni kweli.  Akachukua mashini yake, akaenda.

Nilipita miezi mibaya. Simu ikilia na namba ya Beni, niliiangalia tu, naogopa kuipokea, nikijiambia: leo ni habari ya kifo.  Nilijiuliza kama nilipaswa kunyamaza, na mpaka sasa sijapata jibu.

Mwishowe badaktari balipata nafasi ingine. Batu ba parokia yao bakasaidia, na Masika akaondoka kutoka Butembo kwa ndege ndogo, baba yake akimubeba mugongoni mpaka kwenye ngazi. Nilienda kubasindikiza. Alipasuliwa. Ako hai, namushukuru Mungu, ana kovu refu kifuani. Lakini anachoka upesi kuliko batoto bengine, na badaktari banasema ni ju ya kuchelewa. Hiyo hakuna fundi anayeweza kuitengeneza.

Mimi naendelea na kazi, lakini si kama zamani. Siwezi tena kubaki peke yangu ndani ya atelier. Muteja akiniletea mashini ya mutu aliyekufa, namuuliza kwanza kama bameshamuombea misa, na anadhani ninatania.

Nimemufikiria Kahindo sana. Sisi tunadhani batu baliokufa banaona mambo ya mbele. Mimi niliuona uso wake karibu, kama ninavyokuona wewe. Hakuwa anaona mbele. Alikuwa anaogopa tu, kama mama yeyote wa Beni anavyoogopa mutoto wake akitoka nyumbani. Kufa hakukumuondolea hofu hata kidogo. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza: siku mutu wako aliyekufa akikujia na kukukataza njia, mulilie, mujibu kwa heshima, muombee. Lakini kabla ya kufanya alichosema, nenda kwanza umuangalie yule aliye hai, uone kama bado anaweza kungoja.